Waliokulia Mara bila hati wapewe njia ya ukaazi wa kudumu

Sheria ya Uhamiaji ya Tanzania ina madaraja matatu ya vibali vya ukaazi. Daraja A ni la mwekezaji na mfanyabiashara, B la mwajiriwa, C la mwanafunzi, mtafiti, mmisionari na wengine wa namna hiyo. Vyote vina tarehe ya kwisha, na ada zake zimepangwa kwa dola. Hakuna daraja la mtu aliyevushwa mpaka akiwa mgongoni mwa mama yake, akasoma hapa, akabaleghe hapa, na ambaye hana kwingine anakokujua. Katika wilaya za Tarime na Serengeti vijana wa aina hiyo wapo na wala hawajifichi. Wanaendesha bodaboda, wanalima mihogo na mahindi, wanaimba kwaya, wanachimba dhahabu kama vibarua. Kwa lugha ya ofisi ni walowezi, jina linalowaweka kundi moja mzee aliyehamia kwa hiari yake na mtoto ambaye hakuulizwa. Hoja yangu ni kwamba Bunge liwafungulie vijana hawa njia ya ukaazi wa kudumu, yenye masharti na iliyotenganishwa na suala la uraia. Kuwaacha walivyo hakumlindi mtu yeyote.

Kwanza tuelewe wamefikaje. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipiga mstari kutoka pwani hadi Ziwa Victoria, ukawapitia Wakurya katikati bila wao kujua. Wairege, Wanyabasi, Wakira na Wagumbe wakajikuta wana ndugu upande wa Migori, Kenya, na wengine upande wa Tarime. Kata ya Nyambureti, wilayani Serengeti, haigusi mpaka huo, lakini mambo ya mpaka yanaifikia kupitia ndoa, mahari ya ng'ombe, misiba, minada na kazi za msimu. Mtu akitoka Kehancha kuja kuzika mjomba wake hapiti dirisha la Uhamiaji pale Sirari kama anaijua njia ya panya iliyo karibu na boma la marehemu. Akija na mtoto, na mtoto akabaki kwa shangazi kwa sababu huko alikotoka hali ni ngumu, hapo ndipo anapoanza maisha mhamiaji asiye na hati. Simtetei mzazi, maana sheria ilikuwepo na yeye aliiruka. Ninachosema ni kwamba mtoto wa miaka mitatu hawezi kuhesabiwa kuwa aliiruka pamoja naye.

Kwa miaka mingi kasoro hiyo haionekani, na dola yenyewe inasaidia kuificha. Shule ya msingi inampokea kwa neno la mlezi na barua ya mwenyekiti wa kitongoji. Tangu Januari 2016, serikali ilipoanza kutoa elimu bila ada, hakuna hata stakabadhi ya karo ya kumfanya mtu aulizie habari zake. Anafanya mtihani wa darasa la saba, anakwenda kidato cha kwanza, anamaliza cha nne na kupata cheti cha Baraza la Mitihani chenye picha yake. Kisha anatimiza miaka 18 na kwenda kujiandikisha NIDA. Fomu inataka mahali alipozaliwa baba, mahali alipozaliwa mama, namba zao za vitambulisho, cheti cha kuzaliwa. Katika mikoa ya mpakani, karani asiporidhika anamwelekeza kwa ofisa uhamiaji, naye anauliza habari za babu na bibi. Kijana mwenye majibu ya kweli ndiye anayeondoka mikono mitupu. Bila namba ya NIDA hasajili laini ya simu kwa jina lake, kwa hiyo fedha zake za simu zinakaa kwa jina la binamu. Hapati namba ya mlipakodi. Bodi ya Mikopo haimtambui, kwa kuwa mkopo wa elimu ya juu ni wa raia. Hata leseni ndogo ya uchimbaji, ambayo vijana wa Nyamongo wanaijua kwa ndoto zake, ni ya Watanzania peke yao.

Wapo watakaosema kwamba sheria ya uraia imekwisha kuwajibu. Haijawajibu. Ukikisoma peke yake kifungu cha tano cha Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, utadhani kila aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano baada ya Muungano ni raia, isipokuwa wachache kama watoto wa wanadiplomasia. Utekelezaji umeshikilia jambo jingine: mzazi mmoja awe raia. Na aliyezaliwa ng'ambo na wazazi wa ng'ambo hana hata pa kuanzia ubishi huo. Kimebaki kifungu cha uraia wa tajinisi, kinachodai mwombaji awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na miaka saba kati ya kumi iliyotangulia. Kijana wetu ameishi 15, lakini miaka iliyopita bila kibali haihesabiki kirahisi kwa faida yake, na kwenda kuitaja ofisini ni kujishitaki mwenyewe.

Mkanganyiko huu unawakumba hata walio raia kweli. Chukua mtoto wa nyumba ntobhu, ile ndoa ya Kikurya ambamo mama mtu mzima humwolea nyumba yake binti ili amzalie. Kama binti alitolewa mahari upande wa Kenya, mtoto ana ukoo, ana jina, ana ng'ombe atakaowarithi, lakini fomu inauliza baba mzazi na uraia wake. Aliyezaa naye huenda ni Mtanzania wa kijiji cha pili, na kwa mila hatajwi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba ni robo tu ya watoto walio chini ya miaka mitano ndio waliokuwa wameandikishwa kuzaliwa. Katika nchi ya namna hiyo, kutofautisha raia asiye na karatasi na mgeni asiye na karatasi ni kazi ya kubahatisha. Mara nyingi lafudhi na sura ya mtu ndizo zinazoamua.

Tanzania imewahi kushughulikia jambo kubwa kuliko hili bila kuanguka. Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, waliokaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, waliulizwa kama wanarudi kwao au wanabaki. Kufikia mwaka 2010 watu zaidi ya 162,000 walikuwa wamekubaliwa uraia. Vyeti vilikwama kwa sababu serikali ilitaka kwanza kuwatawanya mikoani, na vilianza kutolewa mwaka 2014, wazo hilo lilipoachwa. Miaka ile ya kusubiri inafundisha kuliko sherehe ya vyeti: watu walikuwa wameukana uraia wa zamani na hawajashika mpya, wasijue kama msimu ujao watapanda mahindi hapo hapo. Kwa upande mwingine ipo Operesheni Kimbunga ya Septemba 2013 katika Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu waliondoka, wakiwamo waliokuwa wamezaliwa hapa au kuoana na Watanzania, familia zikagawanyika, na baada ya operesheni serikali ililazimika kuanza kuwaandikisha walowezi waliobaki. Yaani kazi iliyostahili kuwa ya kwanza ilifanywa ya mwisho.

Jirani zetu nao wametangulia kidogo. Wamakonde waliotoka Msumbiji kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya pwani ya Kenya walikaa vizazi kadhaa bila vitambulisho, mpaka Oktoba 2016 walipotembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi na kusikilizwa na Rais Uhuru Kenyatta. Washona walifuata, kisha Wapemba mwaka 2023. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kuufuta ule msasa wa ziada waliokuwa wakipigwa wananchi wa kaunti za mpakani kabla ya kupewa kitambulisho. Sisemi Kenya ni mfano wa kila kitu. Inatosha kuona kwamba haikumezwa na Wamakonde.

Marekani inatupa onyo. Juni 2012 Rais Barack Obama alianzisha mpango wa kuwakinga vijana walioingia nchini humo kabla ya kutimiza miaka 16, wakiwa wameishi huko mfululizo tangu Juni 2007. Walipewa kibali cha kazi cha miaka miwili kinachohuishwa. Mpango ule haukuwa na mlango wa kuingilia ukaazi wa kudumu, kwa kuwa hilo ni la Bunge, na muswada wa kuwafungulia mlango huo, ulioanza kujadiliwa mwaka 2001, haujapita hata leo. Waliokuwa wanafunzi wakati ule sasa wana watoto shuleni, na bado wanahuisha kibali kila baada ya miaka miwili huku mahakama zikibishana juu yao. Tukiiga, tuige kigezo cha umri na tarehe ya kikomo. Kibali cha muda kisicho na mwisho hakitufai.

Sasa pingamizi. La kwanza, na lenye nguvu kuliko yote, ni kwamba wengi wa vijana hawa wana nchi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamtambua kuwa raia wa kuzaliwa mtu ambaye baba au mama yake ni Mkenya, popote alipozaliwa. Basi waende wakachukue hati za Kenya. Nakubaliana na hoja hiyo nusu yake. Waende, na maofisa wa nchi mbili wanaokaa pamoja pale Sirari na Isebania wanaweza kurahisisha safari hiyo. Lakini akishapata kitambulisho cha Kenya, kijana aliyekulia Nyambureti anarudi nyumbani kama mgeni mwenye pasi ya miezi michache. Hati imempa nchi, haijampa ruhusa ya kuishi anakoishi. Ndiyo maana nazungumzia ukaazi badala ya uraia: sheria yetu haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, na sioni sababu ya kumlazimisha kijana wa miaka 19 aukane mmoja ndipo apate kusajili laini ya simu. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, haitatuamulia, kwani imeliacha suala la ukaazi wa kudumu kwa sheria za kila nchi. Uamuzi ni wetu.

Pingamizi la pili ni usalama, na mtu wa Mara halichukulii kwa mzaha. Wizi wa mifugo unaovuka mpaka na mapigano ya koo ndiyo yaliyosababisha kuundwa kwa Kanda Maalumu ya Kipolisi ya Tarime na Rorya. Lakini mwizi wa ng'ombe haendi kuomba ukaazi. Anayeomba anaacha alama za vidole, picha, jina la kitongoji na majina ya wadhamini. Polisi anayemtafuta mhalifu ana kazi nyepesi pale ambapo kila laini ya simu inamilikiwa na mtu anayeitumia. Leo, kwa kuwanyima namba, tunawafundisha vijana wema kutumia majina ya kuazima, ujuzi ambao wahalifu wanauhitaji sana.

Ardhi nayo itatajwa, na hapa jibu ni fupi: asiye raia kwa kawaida hamiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa masharti ya uwekezaji, na ukaazi wa kudumu hautaligusa hilo. Hautampa kura wala kiti cha serikali ya kijiji. Kuhusu hofu ya kwamba watamiminika wengine, dawa yake ni tarehe. Sheria iseme itamhusu aliyeingia kabla ya kutimiza miaka 15 na aliyekuwa nchini miaka saba kabla ya siku muswada uliposomwa bungeni. Atakayevuka kesho hahusiki. Na kwa anayeona haiwezekani kuwa na hadhi iliyo kati ya raia na mgeni, Bunge limekwisha kuiunda moja. Marekebisho ya sheria yaliyowapa hadhi maalumu watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nchi nyingine yanathibitisha kwamba kalamu ya mwandishi wa sheria inaweza. Aliyeondoka amefikiriwa kabla ya aliyebaki, labda kwa sababu anatuma dola.

Ninalolihofia mimi ni rushwa. Kila ofisi inayotoa hati adimu huvuta watu wenye bahasha, na mkono mtupu haulambwi. Kijana wa kitongoji atashindwa, mfanyabiashara aliyeingia mwaka jana atafaulu. Kwa hiyo ada iwe ya shilingi na iwe ndogo, na ushahidi uwe ule ambao maskini anao: rejesta ya shule, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, kiapo cha majirani. Ofisa uhamiaji asiamue peke yake. Majina ya waombaji yabandikwe siku 30 kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, kisha yasomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, kwa sababu watu wa Nyambureti wanajua bila kuuliza nani alianza darasa la kwanza na nani na nani alishuka juzi kwenye basi. Atakayepinga asimame papo hapo aseme sababu zake, mwombaji akiwapo na mtendaji akiandika muhtasari, na ofisa uhamiaji atakayeukataa muhtasari huo atoe sababu zake kwa maandishi ndani ya siku 90.