Binti anataka kusomea tiba ya usemi: Aanzie wapi?



Hivi karibuni, baada ya Swala ya Isha, mzee mmoja wa mtaani kwetu alitujia katika ofisi ya msikiti na bahasha ya vyeti vya binti yake. Binti amehitimu shahada ya kwanza ya isimu, na nia yake ni kwenda Marekani kusomea shahada ya uzamili ya tiba ya usemi na lugha. Mtu mmoja anayejiita wakala amemwambia mzee kwamba asiye na shahada ya sayansi hapokelewi kabisa, ila akilipwa, yeye atampatia njia. Mzee alikuwa tayari kuuza kiwanja. Tulimsihi asubiri, tukakaa kuyasoma masharti yenyewe.

Kwanza tufahamu elimu hii ni ipi. Inamhusu mtoto aliyechelewa kusema, mwenye kigugumizi, mtu mzima aliyepotewa na maneno baada ya kiharusi, na hata mgonjwa anayepaliwa kila anapomeza. Nabii Musa (a.s.) alimuomba Mola wake wepesi wa ulimi ili watu wamfahamu. Nasi tukiri kwamba katika madrasa zetu wapo watoto waliochapwa kwa kukwama katika kisomo, wakadhaniwa wakaidi, kumbe ni kigugumizi. Basi haja ya wataalamu hawa tunayo wenyewe.

Huko Marekani, shahada ya uzamili ndiyo mlango wa kazi hii, na kwa kawaida husomwa kwa miaka miwili. Si lazima shahada ya kwanza iwe ya fani hiyohiyo. Aliyetoka fani nyingine hutakiwa kwanza kusoma masomo ya msingi: muundo na utendaji wa viungo vya usemi, fonetiki, ukuaji wa lugha ya mtoto, na misingi ya elimu ya usikivu. Vyuo vingine humpokea akayasoma hapohapo, na muda wake ukarefuka. Aliyesoma isimu huenda fonetiki anayo tayari.

Upande wa sayansi, wakala alisema nusu ya kweli. Shahada ya sayansi haidaiwi, lakini ili baadaye apate cheti cha chama cha wataalamu wa huko, ASHA, mwanafunzi lazima awe amesoma katika ngazi ya chuo somo la biolojia, la takwimu, la fizikia au kemia, na la sayansi ya jamii au tabia, kama saikolojia. Pengo hilo huzibwa kwa kusoma. Fedha ya wakala hailizibi.

Vyuo vingi hutaka wastani wa alama usiopungua 3.0 katika kipimo cha 4. Vyuo vyetu vingi hupima kwa 5, kwa hiyo 3.0 ya hapa isichukuliwe kuwa ndiyo 3.0 ya kule. Matokeo hupelekwa kwa taasisi ya kulinganisha vyeti. Huongezwa barua za mapendekezo, aghalabu tatu, maelezo ya nia ya mwombaji kwa kalamu yake mwenyewe, na mtihani wa Kiingereza kama TOEFL au IELTS. Vyuo vingi hupokea maombi kupitia mfumo mmoja wa mtandaoni uitwao CSDCAS, ambao mwombaji huujaza mwenyewe.

Akishapokelewa, darasa peke yake halitoshi. Cheti hicho kinadai saa 400 za vitendo: 25 za kutazama na 375 za kuhudumia watu. Kisha kuna mtihani wa Praxis, na kazi chini ya usimamizi kwa wiki zisizopungua 36. Mzazi asihesabu miaka miwili tu.

Ada ni kubwa, na mikopo mingi ya huko ina riba. Kwa hiyo, kabla ya kuomba, kiulizwe kila chuo kama kina nafasi za kusaidia utafiti au ufundishaji zinazopunguza ada, na kama mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa kuziomba. Majibu yapatikane kwa maandishi. Na kwa kijana anayemaliza kidato cha sita sasa, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina shahada ya kwanza ya usikivu na usemi. Njia hiyo ni fupi zaidi, naye hubaki karibu na wazazi wake.

Mzee aliondoka na karatasi moja yenye orodha hii. Kiwanja hakijauzwa. Binti ameanza kutafuta chuo cha kusomea takwimu na biolojia, naye atachelewa mwaka mmoja. Tulimwambia baba yake kuwa mwaka huo si hasara. Hasara ni kulipia mlango ambao haujafungwa.

Tunawausia wazazi: kabla ya kumlipa mtu, someni masharti pamoja na mtoto wenu. Na walimu wa madrasa, kabla ya kuinua fimbo, msikilizeni mtoto mpaka amalize neno lake.