Goblini wa Kumi Hatishi Mtu

Wacha niseme mapema ndio mnitusi mapema: waendeshaji wengi wa Dungeons & Dragons ninaocheza nao hapa Machakos hawajui kutisha. Wanajua kuua tu. Hivyo ni vitu viwili.

Jumamosi moja binamu yangu alitoka Masii kuja kucheza kwa mara ya kwanza. Wiki nzima alikuwa ameandika maisha ya mhusika wake, mchawi wa ngazi ya kwanza, karatasi moja mbele na nyuma. Tukaanza saa saba. Saa saba na nusu, goblini wakachomoka kichakani. Mchawi wake alikuwa na pointi 7 za uhai. Mshale wa goblini hutoa kati ya pointi 3 na 8, kwa hivyo piga hesabu mwenyewe. Akaanguka. Sisi wengine tulikuwa tumebanwa upande ule mwingine wa barabara. Akarusha dadu za kuponea kifo, akafeli mara tatu.

"Pole, siz. Tengeneza mwingine," mwendeshaji akasema, macho kwenye leptopu.

Hakutengeneza. Alikaa akibonyeza simu mpaka saa kumi, akapanda gari ya Masii, na hajawahi kurudi.

Najua mtakachosema. Sheria ni sheria, ngazi ya kwanza ni hatari, lazima mtu akomae. Sawa, sipingi hatari. Lakini hatari ambayo hukuiona ikija ni ajali, na ajali haina hofu ndani yake. Mtu anayegongwa na bodaboda kwa nyuma hakuogopa chochote.

Tena hizo sheria hamzisomi vizuri. Kitabu cha mwendeshaji cha 2014 kinasema kundi la kawaida linaweza kuhimili mapambano 6 hadi 8 kwa siku. Siku ya nani? Ya wahusika, kuanzia usingizi mmoja hadi mwingine. Haikusema Jumamosi yetu. Raundi moja ya vita ni sekunde 6 ndani ya hadithi, kwa hivyo raundi nne ni sekunde 24. Lakini pale mezani, watu watano wakitafuta dadu na kuulizana "eti naongeza ngapi?", hizo sekunde 24 zinakula dakika 45. Weka mapambano matano na zile saa zetu nne zimekwisha. Hujasimulia kitu. Umetufundisha kutoa.

Sasa kumbuka vile nyanya zetu walivyosimulia aimu. Kama hukubahatika kuwa na nyanya wa hadithi, John Mbiti, mtoto wa Kitui, alichapisha Akamba Stories mwaka 1966. Katika zile nilizosikia mimi, zimwi halikuwa linaruka tu kutoka kichakani. Lilikuja likiwa kijana mtanashati anayetafuta mchumba. Msichana anafuata, na wewe unayesikiliza umeshaona kuna kitu hakiko sawa. Umeogopa na hakuna aliyepigwa bado. Na likishindwa, linakatwa kidole, na wote waliomezwa wanatoka wazima. Hakuna mtu aliyewahi kuuliza lina pointi ngapi za uhai.

Kwa hivyo, mpango wangu ni huu: zimwi moja, saa nne. Hadithi iko Kituluni, pale Kyamwilu ambapo maji huonekana yakipanda mlima. Saa ya kwanza hakuna anayeliona. Mbuzi wamepotea na kuna mtu anaimba usiku. Saa ya pili anakuja mgeni kuomba maji, na anajua jina la mmoja wenu. Saa ya tatu mnatafuta habari za kidole. Saa ya nne mnapigana, mara moja tu, na kila mtu mezani anajua anapigania nini.

Na mtu akianguka mapema? Wahenga walishajibu: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zimwi linalokujua lina sababu ya kukubakisha. Linakumeza, na wewe unaendelea kucheza ukiwa ndani ya tumbo, gizani, na wale mbuzi, ukitafuta njia. Linachukua sauti yako, au jina lako. Umepoteza kitu na bado uko mezani. Mtu aliyesafiri kuja kucheza anacheza mpaka mwisho.

Halafu msije mkanielewa vibaya. Sisemi tufukuze goblini kwa sababu ni wa kizungu. Nimemwona jamaa akibandika jina "aimu" kwa goblini kumi na wawili, akawapanga pangoni vile vile, foleni ile ile kama ya benki mwisho wa mwezi. Tulilala. Na goblini mmoja tu, anayekufuata tangu mchana akiokota vitu unavyodondosha, atakunyima usingizi. Shida haikuwa asili ya jini. Shida ni kuwa hamtupi muda wa kumwogopa.

Mwezi ujao naendesha mimi. Nimemwandikia binamu yangu kumwambia. Tiki mbili za bluu, hajajibu. Ile karatasi ya mchawi wake bado ninayo, kwa sababu aliiacha mezani.