Magari Yasiache Njia Serengeti

Mwalimu awapelekaye wanafunzi kupiga kambi Seronera anastahili pongezi. Lakini somo lake huharibika pale gari linapoacha njia na kukata mbuga ili abiria wamwone simba kwa karibu.

Sheria za hifadhi zinakataza jambo hilo, na sababu iko wazi. Udongo wa nyanda za nyasi fupi, kusini mwa Seronera, umetokana na majivu ya volkano. Magurudumu huushindilia na kuua nyasi. Gari la pili hufuata alama za la kwanza, na malisho ya nyumbu hugeuka makorongo.

Wengi huwanyoshea kidole watalii. Lakini mtumishi wa umma anayemwamuru dereva wa Serikali kuacha njia atamwambia nini mgeni?

Katika tamko lake la Arusha la Septemba 1961, Mwalimu Nyerere aliahidi kwamba wajukuu wetu watarithi hazina hii. Ahadi hiyo ni yetu sote. Hatuna budi kupiga kambi mahali palipotengwa na kufuata njia zilizowekwa. Na dereva akikataa kuiacha njia, mkubwa wake asimkemee, amshukuru.