Tukae Mkekani, Tusimuliane

Kwa miezi kadhaa sasa, Jumamosi moja ya kila mwezi, baada ya swala ya Isha, majirani wapatao thelathini hukusanyika katika uwanja wa nyumba moja mtaani kwetu, hapa Kibaha. Hutandikwa mikeka na majamvi, hupikwa kahawa chungu, na sinia ya kashata hupita mkono kwa mkono. Kisha mtu husimulia jambo lililompata. Hakuna mgeni rasmi, hakuna risala, wala hayasomwi maazimio mwishoni. Masharti ni mawili tu: kisa kiwe cha kweli na kiwe chako mwenyewe, na usimulizi usizidi muda wa mtu kumaliza kikombe kimoja cha kahawa bila haraka.

Nilialikwa mara tatu kabla sijaenda. Sisi tunaofundisha elimu ya siasa tuna ugonjwa wetu: habari ya mtu mmoja huiita mfano, na mfano mmoja, twajifundisha, hauthibitishi kitu. Nilikwenda mara ya nne kwa sababu umeme ulikuwa umekatika nyumbani.

Jambo la kwanza nililoligundua ni la lugha. Sote tuliokulia katika Kiswahili twajua jinsi hadithi inavyofunguliwa. Mmoja husema paukwa, wengine huitika pakawa, na kuanzia hapo sungura anaruhusiwa kusema na fisi anaruhusiwa kuoa. Kiitikio kile ni mkataba: msikilizaji anaahidiwa kwamba lolote litakalofuata halitamdai chochote. Kisa cha kweli hakina mlango wa namna hiyo. Msimulizi hukohoa, hutazama chini, na huanza. Asikilizaye hana pa kujificha, kwa kuwa aliyepatwa na mambo yuko mbele yake, ameshika kikombe.

Usiku ule alisimulia bwana mmoja aliyehamia mtaani kwetu baada ya bomoabomoa ya mwaka 2017. Wasomaji wa ukanda huu hawahitaji kukumbushwa. Ili barabara ya Morogoro ipanuliwe, nyumba zilizokuwa kandokando yake kuanzia Kimara hadi Kiluvya zilibomolewa. Serikali ilisema zimo ndani ya hifadhi ya barabara, kwa hiyo wenyewe hawastahili fidia. Wao wakasema wameishi pale miaka mingi, wengine wakiwa na nyaraka mkononi. Wakati ule nilisimama darasani nikawaambia wanafunzi kwamba suala lile ni jepesi: hifadhi ya barabara ni hifadhi ya barabara. Nilijisikia mtu mwenye msimamo.

Yule bwana hakuzungumzia fidia hata kidogo. Alieleza habari za herufi. Watu wa vipimo walipopita na kuchora X nyekundu ukutani, binti yake mdogo alikuwa ndiyo kwanza anajifunza herufi. Akaitambua. Akawa anamshika mkono kila mgeni, anampeleka ukutani na kumsomea kwa sauti, kwa fahari, akiamini nyumba yao imeandikwa kwa sababu ni nzuri. Baba mtu hakuwa na moyo wa kumsahihisha. Baadaye aliamua kuibomoa nyumba kwa mkono wake mwenyewe kabla katapila halijafika, ili aokoe mabati, madirisha na nondo. Kazi ilimchukua siku mbili. Ukuta wa chumba cha watoto ulikataa kuanguka. “Niliujenga mimi,” alisema, “nikazidisha saruji kwa kuogopa usije ukawaangukia.” Watu walicheka, naye akacheka. Kisha pakawa kimya kirefu ambacho sitajaribu kukieleza.

Aliyekivunja kimya hicho ni bibi mmoja, mwenyeji wa hapa hapa, ambaye shamba lake limepakana na kiwanja cha yule bwana. Walikuwa na shauri la mpaka, na salamu zilikuwa zimekatika. Hili nalo lieleweke: Kibaha ni mji unaopokea kila anayesukumwa na Dar es Salaam, na wenyeji wana manung’uniko yao. Mashamba yamenunuliwa kwa bei ya kutupa, mikorosho imekatwa, makaburi ya wazee yamezungushiwa kuta za watu wasiowajua. Kwa bibi yule, bwana huyu alikuwa mmoja wa “wale wa kutoka mjini.” Lakini usiku ule alimwambia: “Mwanangu, kumbe nawe ulihamishwa? Mimi nilipandishwa lori na mtoto mgongoni. Waliezua makuti ili tusirudi.”

Alikuwa akisema habari za Operesheni Vijiji. Mwezi Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Nimeifundisha tarehe hiyo kwa miaka mingi, pamoja na mafanikio ya sera na makosa ya utekelezaji, mfululizo ule ule kila mwaka. Sikuwahi kufikiria kwamba jirani niliyekuwa nanunua kwake madafu alikuwa ndani ya lori lile.

Shauri la mpaka halijaisha. Lakini Ramadhani iliyofuata niliona kwa macho yangu bakuli la futari likivuka mpaka huo huo unaogombewa.

Wahenga wetu walikuwa na shaka kubwa juu ya uwezo wa mtu kuyajua ya mwenzake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Misemo hii ni ya hekima, ila naona tumeifanya kisingizio. Kama siwezi kujua, basi sina haja ya kuuliza. Ninachodai ni kidogo: aliyekilalia kitanda anaweza kutueleza, na tukikaa karibu ya kutosha tutaanza kujikuna.

Jambo hili si geni Afrika Mashariki, na limewahi kufanya kazi pale takwimu zilipokwama. Mwezi Aprili 1989 mwanamuziki wa Uganda, Philly Bongoley Lutaaya, aliyekuwa akiishi Sweden, alitangaza hadharani kwamba ana virusi vya UKIMWI. Wako waliodhani anatafuta soko la nyimbo zake. Yeye akazunguka katika shule na nyumba za ibada akieleza yaliyomo mwilini mwake, huku waliomsikiliza wakiuona mwili huo ukipungua. Alifariki Desemba mwaka huo huo. Maneno ya wataalamu yalikuwepo kabla yake. Kilichokosekana ni mtu anayefahamika kusimama na kusema, ni mimi.

Upo pia mfano wa kututahadharisha. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya Kenya ilikusanya maelezo ya watu zaidi ya 40,000 na kukabidhi ripoti yake Mei 2013. Ni hazina kubwa ya visa vya kweli. Hata hivyo mapendekezo mengi ya ripoti ile yamebaki karatasini. Sisemi tume hazina maana, maana haki inahitaji kumbukumbu zilizoandikwa, na huruma ya jirani hailipi fidia ya nyumba. Nasema tu kwamba kisa kilichochukuliwa na karani kikaenda makao makuu humwacha jirani wa msimulizi vile vile alivyokuwa jana. Kisa kilichosemwa mkekani hakimwachi hivyo, kwa kuwa kesho watakutana kisimani au kituo cha daladala.

Na mji wetu haukosi kumbi. Hapa ndipo nchi za Nordiki zilipoanzisha mwaka 1963 kituo kilichokuja kuwa Shirika la Elimu Kibaha, chenye shule, mafunzo ya wakulima na huduma za afya. Hapa pia, Kwa Mfipa, ilifunguliwa Februari 2022 Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyojengwa kwa ushirikiano wa vyama sita vya ukombozi vya kusini mwa Afrika na Chama cha Kikomunisti cha China. Ni majengo mazuri. Katika mengi ya majengo hayo viti vimepangwa kuelekea upande mmoja.

Nisiwapambie mambo. Katika mkutano wetu wa tatu binti mmoja alisimulia jambo la ndoa yake ambalo hakuwa amemwambia hata mama yake. Mtu alimrekodi. Kufikia Jumatatu sauti yake ilikuwa ikizunguka katika makundi ya WhatsApp, watu wakiweka vikaragosi vya kicheko. Hajarudi tena, na sidhani tuna haki ya kumwomba arudi. Tangu siku hiyo simu zote hutiwa katika beseni la plastiki mlangoni, na anayekataa huambiwa aende kwa amani. Tulichelewa. Wanaosema kwamba masimulizi ya kweli hujenga utu waongeze hapo: hujenga pale tu msikilizaji anapokubali kufungwa mdomo.

Kwa sababu hiyo naogopa pia siku ambayo wakubwa watalipenda jambo hili. Nawaona wakija na fulana, bango na kamera, msimulizi akipewa dakika tatu baada ya itifaki kuzingatiwa. Kama wenyeviti wetu wa mitaa wanataka kuiga, waige kwa namna moja tu: kabla ya ajenda ya kwanza ya mkutano wa mtaa, wamwachie mkazi mmoja nafasi ya kueleza jambo lililompata mtaani humo, na asijibiwe. Asishukuriwe kwa mchango wake, asiambiwe kwamba suala lake limechukuliwa. Asikilizwe, akae, ndipo mkutano uendelee na habari za taka na ulinzi. Najua mwenyekiti atakayeweza kukaa kimya muda wote huo ni adimu.

Narudi kwa yule bwana. Bado naamini barabara ilihitajika. Naitumia kila siku kwenda kazini, na foleni ya zamani pale Kimara siitamani. Darasani, hata hivyo, silisemi tena neno “jepesi.” Usiku ule, tulipokuwa tukikunja mikeka, aliniambia kwamba chumba cha watoto sasa ni njia ya pili ya magari, na kwamba nikielekea mjini nitazame kushoto, baina ya Kiluvya na Kibamba, kuna mwembe alioupanda yeye. Ulikuwa nje ya alama kwa hatua mbili, ukanusurika.

Jumatatu nilipunguza mwendo. Mwembe upo, una maembe machanga. Dereva aliyekuwa nyuma yangu alinipigia honi.