Acheni Kumfanya Lauren Jackson Bango la "Kaza Tu"

Wasee, leo nitaudhi watu kidogo. Mtavumilia.

Kuna aina ya video imejaa kwa simu zetu. Piano ya huzuni, sauti nzito ya mwanaume, halafu mwanamke wa miaka 41 anawafunga Canada pointi 30. Chini kuna maandishi: "Na wewe una miaka 22, kisingizio chako ni gani?"

Huyo mama ni Lauren Jackson wa Australia. Pointi 30 ni za ukweli. Alizifunga Sydney mwaka wa 2022, mechi ya kutafuta shaba ya Kombe la Dunia la mpira wa vikapu, na Australia ikashinda 95-65. Lakini lile somo mnalishwa hapo ni uongo, na nimechoka kulinyamazia.

"Kaza tu" ndiyo ilimvunja. Alirudi kwa sababu alipumzika. Wacha nielezee.

Jackson alizaliwa 1981 na akakulia Albury, mji mdogo wa New South Wales. Mamake na babake wote walichezea Australia. Mwaka wa 2001, akiwa bado na miaka 19, Seattle Storm walimchukua nambari moja kwa drafti ya WNBA, ligi ya wanawake ya Marekani. 2003 akawa MVP, mchezaji bora wa ligi nzima, mtu wa kwanza aliyezaliwa nje ya Marekani kupata hiyo tuzo. Akaichukua tena 2007, na tena 2010. Ubingwa na Storm, 2004 na 2010. Kombe la Dunia, dhahabu 2006. Olimpiki, fedha tatu mfululizo, Sydney, Athens na Beijing, halafu shaba ya London 2012, ambako yeye ndiye alibeba bendera ya Australia.

Kwa hivyo mtu asiniambie huyu dada alihitaji kufundishwa kujituma.

Sasa angalia kalenda yake, juu hapo ndipo story iko. Mwanaume wa NBA msimu ukiisha anaenda likizo, anatibu magoti, anarudi Oktoba. Jackson msimu wa WNBA ukiisha alikuwa anapanda ndege. Miaka mingine alirudi kuchezea Canberra Capitals. 2007 alikuwa Korea Kusini. Baadaye Urusi, kwa Spartak ya Moscow. Baadaye Uhispania. Baadaye China. Na katikati ya hayo yote timu ya taifa inamngoja. Ligi zinapokezana mwaka mzima, lakini mwili ni ule ule mmoja.

Kwani alikuwa anapenda viwanja vya ndege? Hapana. Ni pesa. Ligi iliyojiita bora duniani ilikuwa inalipa mastaa wake kidogo kuliko vilabu vya ng'ambo. Mnataka mfano? 2015, Diana Taurasi, mmoja wa wachezaji wakubwa zaidi kuwahi kutokea, alikosa msimu mzima wa WNBA kwa sababu klabu yake ya Urusi ilimlipa akae nyumbani apumzike. Yaani Warusi walinunua usingizi wake, na bado dau lao lilishinda mshahara wa kwao Marekani wa kucheza.

Na hizo safari hazikuwa utalii. Novemba 2009, Shabtai Kalmanovich, tajiri aliyekuwa anaifadhili hiyo Spartak, alipigwa risasi akafa ndani ya gari Moscow. Huyo ndiye mtu aliyekuwa anawalipa mastaa wa dunia. Februari 2022, Brittney Griner akakamatwa uwanja wa ndege Moscow akienda kuchezea klabu yake ya huko, akafungwa, akaachiliwa Desemba kwa kubadilishana na mfungwa wa Kirusi. Wote walifuata kitu kimoja: mshahara ambao nyumbani haukuwepo.

Najua tayari kuna msee anaandika kwa komenti: "Lakini hakuna mtu anawatch basketi ya wanawake, pesa itoke wapi?" Nimekusikia buda. Twende pole pole.

Kwanza, NBA ilianza 1946. WNBA ilianza 1997. Jackson alifika ligi ikiwa na miaka minne. Huwezi kulinganisha mti na mche halafu ucheke mche kwa kukosa kivuli.

Pili, hakuna mtu anasema Jackson angelipwa kama LeBron. Swali ni mgao. Wanaume wa NBA hupata karibu nusu ya mapato ya mchezo wao. Wanawake wa kizazi cha Jackson hawakuwa na mgao kama huo. Kama sufuria ni ndogo, sawa, ni ndogo. Lakini mbona hata kwa hiyo sufuria ndogo mpishi analamba mwiko tu?

Tatu, watazamaji walipokuja, mishahara haikukimbia nao. 2024, Caitlin Clark alijaza viwanja kila mahali alipoenda, na mshahara wake wa mwaka wa kwanza ulikuwa dola 76,535. Victor Wembanyama, mwaka wake wa kwanza NBA, alipata karibu dola milioni 12. Basi tusidanganyane kwamba shida ilikuwa watazamaji peke yake.

Bili ya hayo yote ililetwa kwa mwili. Nyonga ikagoma 2011, akakosa sehemu kubwa ya msimu. 2012 ukawa msimu wake wa mwisho WNBA. Halafu goti likaharibika akiwa China, akafanyiwa upasuaji mara kadhaa, na Machi 2016, akiwa na miaka 34, akasema imetosha. Amesimulia mwenyewe venye alifika mahali pa kutegemea dawa, za maumivu na za kulala, ili aweze kuendelea. Hiyo sehemu watu wa piano huwa hawaiweki kwa video.

Na hii pia hawaiweki. Baada ya kustaafu alikaa miaka sita bila mashindano. Alizaa watoto wawili. Alipata kazi ya ofisi kwa shirikisho la mpira wa vikapu la Australia, kazi yenyewe kusukuma mambo ya wanawake kwa huo mchezo. 2021 akaingizwa kwa Hall of Fame. Ndipo 2022 akarudi uwanjani, na hakurudia Moscow wala Seattle. Alirudia Bandits, timu ya nyumbani Albury. Kutoka hapo timu ya taifa, kutoka hapo zile pointi 30. Miaka miwili baadaye, akiwa na miaka 43, alikuwa kwa kikosi cha Paris, na ingawa hakucheza dakika nyingi, alirudi na shaba, medali yake ya tano ya Olimpiki.

Sisemi kupumzika kunaponya kila goti. Nasema huyu mtu alipumzishwa na jeraha kwa lazima, na hakuwahi kupewa nafasi ya kupumzika kwa hiari alipokuwa kwa ubora wake. Fikiria tungeona nini kama angelipwa vizuri Seattle na alale miezi minne kila mwaka.

Mbona hii inaniuma mimi, kijana wa Nairobi aliyeacha uni na hajawahi kudunk? Juu naijua hiyo lugha. Kuna kampuni iliwahi kuniomba video sita za bure, ati nitapata jina. Nilipouliza malipo, nikatumiwa ujumbe wa kunitia moyo kuhusu watu wanaojituma. Intern analipwa nauli na bado anaambiwa akaze. Boda anaendesha tangu saa kumi na moja asubuhi hadi usiku na anaambiwa akaze. Anayesema "kaza" kwa kawaida ndiye hataki kuulizwa "unalipa ngapi?"

Kwa hivyo mpende Lauren Jackson, mimi nampenda sana. Tazama mechi zake, mfundishe dadako jina lake. Lakini mtu akikutumia ile klipu kukuonyesha wewe ni mvivu, muulize: zile miaka akichezea nchi moja baada ya nyingine na goti linalia, nani alikuwa anahesabu pesa?

Akikosa jibu, mwambie alipe kwanza. Kukaza tunajua.