Hitilafu 'ndogo' inapozima mtandao wa nchi nzima

Na Mwandishi Wetu

IJUMAA ya Julai 8, 2022, wateja zaidi ya milioni 12 wa kampuni ya mawasiliano ya Rogers nchini Kanada waliamka na kukuta simu zao hazina mawasiliano na intaneti ya majumbani imekatika. Malipo ya kadi za benki kupitia mfumo wa Interac yalikwama nchi nzima, na baadhi ya wananchi waliopiga namba ya dharura, 911, simu zao hazikupita.

Haikuwa hujuma, wala haikuwa waya uliokatwa na katapila. Chanzo kilikuwa kazi ya kawaida ya kuboresha mtandao, ambayo mfumo wa kampuni yenyewe ulikuwa umeipa daraja la chini la hatari.

Tukio hilo linafaa kutazamwa upya na wakazi wa miji ya Afrika Mashariki, ambako tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, simu imekuwa pochi, benki na daftari la biashara. Mtandao ukizimika kwa saa chache, mwenye duka hapokei malipo na mgonjwa hawezi kutumiwa fedha za matibabu.

Swali la msingi si kwa nini mitambo huharibika, kwa kuwa hakuna mtambo usioharibika. Swali ni nani anaipima hitilafu inapojitokeza, anaipa uzito gani, na kwa kipimo cha nani.

Hatua ya sita

Kwa mujibu wa uchunguzi uliofanywa kwa ajili ya Tume ya Redio, Televisheni na Mawasiliano ya Kanada (CRTC), ambao muhtasari wake ulitolewa mwaka 2024, Rogers ilikuwa katika hatua ya sita kati ya saba za kuboresha kiini cha mtandao wake.

Mwanzoni kazi hiyo ilipewa daraja la juu la hatari. Lakini kwa sababu hatua zilizotangulia zilikwenda vizuri, programu ya kukadiria hatari ilishusha daraja hilo hadi likawa la chini. Kwa daraja hilo, hatua ya sita haikuhitaji ukaguzi wa ziada wala idhini ya wakubwa zaidi.

Saa 10:43 alfajiri kwa saa za Toronto, amri moja ilifuta kichujio kinachozuia taarifa nyingi za njia za intaneti zisiingie kwa pamoja katika ruta za kiini. Taarifa hizo zilimiminika kama mafuriko, ruta zikazidiwa, na katika dakika chache mtandao wa simu za mkononi na ule wa majumbani ikaanguka pamoja, kwa kuwa ilitegemea kiini kimoja.

Hapo ndipo penye somo la kwanza. Mafanikio ya jana yalihesabiwa kuwa ushahidi wa usalama wa leo, ilhali hatua ya sita ilikuwa kazi tofauti na zile tano za mwanzo. Dereva aliyevuka mito mitano salama hajapata uthibitisho wowote kuhusu kina cha mto wa sita.

Kengele na madaraja yake

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, ni vyema kufahamu jinsi mitandao inavyolindwa. Kila ruta, swichi na mnara hutuma taarifa za hali yake katika kituo cha udhibiti, ambako mafundi hukaa zamu usiku na mchana. Taarifa ya hitilafu huitwa kengele, ingawa mara nyingi ni mstari tu wa maandishi kwenye kompyuta, wenye rangi inayoonyesha uzito wake.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Mawasiliano (ITU) liliweka mwaka 1992 mwongozo unaojulikana kama X.733, unaogawa kengele katika makundi matano: za mawasiliano, za ubora wa huduma, za uchakataji, za vifaa na za mazingira. Kundi la mwisho linahusu mambo kama joto la chumba, moshi au mlango wa mitambo ulioachwa wazi.

Mwongozo huo huo unatoa madaraja ya uzito: hitilafu ya hatari, kubwa, ndogo, ya onyo, na ile ambayo uzito wake haujajulikana. Lipo pia daraja la kutangaza kwamba hitilafu imekwisha. Mfumo mwingine unaotumika sana katika ruta na kompyuta, uitwao syslog, una madaraja manane, kuanzia 0 ambalo ni la dharura kubwa hadi 7 ambalo ni la maelezo ya kifundi tu.

Kwenye karatasi mpango huo unaonekana hauna dosari. Tatizo huanza mitambo inapozungumza yote kwa wakati mmoja.

Chukua mfano wa mnara mlimani ambao umeme wake wa gridi umekatika na jenereta ikagoma kuwaka. Kengele ya umeme italia, kisha ya betri, kisha ya mitambo ya redio. Minara mingine inayopitisha mawasiliano yake hapo nayo italalamika kwamba imepotezana na kituo. Fundi wa zamu atakutana na mamia ya kengele nyekundu, wakati tatizo ni moja tu: jenereta.

Kwa hiyo kazi kubwa ya kituo cha udhibiti ni kutenganisha chanzo na matokeo. Kituo kisichoweza kufanya hivyo hujenga tabia mbaya, kwani mafundi wanaosikia kengele elfu kila zamu huzizoea, na iliyo ya kweli hupita bila kutazamwa.

Ugumu mwingine ni ukimya. Katika utaratibu unaotumika sana wa SNMP, aina moja ya ujumbe wa tahadhari hutumwa bila kudai uthibitisho wa kupokelewa. Ukipotea njiani, aliyeutuma hajui, na aliyepaswa kuupokea hajui. Na mtambo uliokufa kabisa hautumi ujumbe wowote. Ndiyo maana vituo makini haviishii kusubiri kengele, bali huiuliza mitambo kila baada ya muda mfupi kama ingali hai, na kuhesabu ukimya kuwa ni habari.

Mnara mzima, huduma mfu

Kanada iliyaonja yote hayo. Mtandao ambao mafundi wa Rogers waliutegemea kuifikia mitambo yao ulipita katika kiini kile kile kilichoanguka. Uchunguzi ulieleza kuwa ilichukua takriban saa 14 kabla ya wao kuzifikia kumbukumbu za matukio zilizokuwa ndani ya ruta na kubaini chanzo.

Mafundi wenyewe walitegemea simu za kampuni yao kuwasiliana, nazo zilikuwa zimezimika. Ilibidi wapelekewe kadi za simu za kampuni shindani ili waweze kuzungumza. Huduma ya intaneti ilikaa karibu saa 26 kabla ya kurejea.

Jambo la kusikitisha zaidi lilihusu namba ya dharura. Minara ya Rogers ilikuwa mizima na iliendelea kurusha mawimbi. Simu za wateja ziliendelea kuishika minara hiyo badala ya kuhamia mtandao mwingine, ingawa nyuma yake hakukuwa na kiini cha kuzipokea. Kwa kipimo cha kifaa, mnara ulikuwa salama. Kwa kipimo cha mtu anayetaka gari la wagonjwa, haukuwa na faida yoyote.

Rogers haikuwa ya kwanza kufungiwa nje ya nyumba yake. Oktoba 4, 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika dunia nzima kwa takriban saa 6 baada ya amri ya kupima uwezo wa mtandao wa ndani kukata viungo vyote. Programu iliyopaswa kuizuia amri hiyo ilikuwa na kasoro, na zana za mafundi za kuchunguza tatizo nazo zilikuwa zimezimika.

Ufa wa bahari mbili

Afrika Mashariki ilipata somo lake Jumapili ya Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika upande wa Afrika Kusini. Intaneti ilidorora katika nchi kadhaa za ukanda huu, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi.

Wengi walilichukulia tukio hilo kama ajali ya siku moja. Lakini ufa wake ulianza miezi kadhaa kabla. Februari mwaka huo huo mikongo mitatu, ukiwamo wa Seacom, iliharibiwa katika Bahari ya Shamu. Mawasiliano mengi yaliyokuwa yakipita kaskazini yalielekezwa kusini, na watumiaji wengi wa mjini hawakuona tofauti kubwa.

Hapa ndipo madaraja ya kengele yanapoweza kudanganya. Njia moja kati ya mbili ikikatika na wateja wakaendelea kupata huduma, ni rahisi kuiita hitilafu ndogo. Kwa hakika, kilichopotea siku hiyo ni akiba. Njia iliyobaki haina tena wa kuisaidia, na hitilafu yoyote itakayofuata, hata iwe ya kawaida namna gani, itakuwa janga. Uzito wa hitilafu hauna budi kupimwa kwa kile kilichobaki pia.

Kipimo cha mwananchi

Zipo nchi zilizojaribu kubadili kipimo. Tume ya Mawasiliano ya Marekani (FCC) hutumia kigezo cha dakika za watumiaji: hitilafu iliyodumu angalau dakika 30 na inayoweza kuathiri dakika 900,000 za watumiaji lazima iripotiwe. Hao ni watu 30,000 kwa nusu saa, au watu 7,500 kwa saa mbili. Kigezo hicho hakiulizi kifaa kina rangi gani kwenye kompyuta ya fundi. Kinauliza watu wangapi wamekosa huduma, na kwa muda gani.

Kanada nayo, mwaka 2023, iliziagiza kampuni kuiarifu CRTC ndani ya saa 2 baada ya kubaini kukatika kukubwa kwa huduma, na kuwasilisha ripoti kamili ndani ya siku 14.

Mamlaka za udhibiti katika ukanda wetu zina la kujifunza hapo, na wateja nao wana haki ya kuuliza. Je, mtandao wa kuwafikisha mafundi kwenye mitambo umetenganishwa na ule unaobeba wateja? Je, kupotea kwa njia ya akiba kunahesabiwa kuwa hitilafu kubwa hata kama hakuna mteja aliyelalamika? Na huduma inaporejea, mwananchi anaelezwa chanzo, au anaombwa radhi tu kwa usumbufu uliojitokeza?

Majibu ya maswali hayo yana gharama. Kujenga mtandao wa pili kwa ajili ya mafundi peke yao ni fedha ambayo mteja haioni katika kasi ya intaneti yake, na kampuni inaweza kushawishika kuiahirisha mwaka hadi mwaka. Baada ya mkasa wa 2022, Rogers ililazimika kutangaza mpango wa kutenganisha kiini cha simu za mkononi na kile cha intaneti ya majumbani, na iliwapa wateja fidia ya siku tano za huduma.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mitandao ya leo ufa mara nyingi huonekana mapema na kuandikwa na mtambo wenyewe, pamoja na saa na tarehe. Kinachobaki ni kwa walio zamu kuuita kwa jina lake, kabla ya mgonjwa na mwenye duka kuupima kwa hasara.