Jibu Sahihi Halitoshi

Mwalimu anayesahihisha programu ya lugha ya C kwa kutazama jibu pekee humdhulumu mwanafunzi.

Tuchukue viwanja kumi vilivyopangwa safu moja huko Bofa, Kilifi. Kielekezi ni mfano wa kidole kinachoonyesha kiwanja kimoja. Ukikiongeza moja, husonga kiwanja kizima, si hatua moja. Kielekezi cha nambari zenye baiti 4 husonga baiti 4. Kanuni zilizoidhinishwa Marekani mwaka 1989 zaruhusu kielekezi kifike mpakani tu, mara baada ya kiwanja cha kumi. Kuchota kitu hapo, au kuvuka zaidi, ni tendo ambalo kanuni hazikulifafanulia matokeo. Wala C haiweki mlinzi mpakani: programu yaweza kukwama, kusema uongo, au kutoa jibu sahihi leo na kuharibika kesho.

Hilo la mwisho ndilo baya zaidi, maana huwahadaa wote wawili. Novemba 1988, programu haribifu ya Robert Morris ilipenya maelfu ya tarakilishi; mojawapo ya njia zake ilikuwa kuandika nje ya mpaka wa safu katika programu iliyotumika kila siku.

Walimu hawana budi kuuliza: kielekezi chako chaishia wapi, na kwa nini? Asiyeweza kueleza hajafaulu bado.